Mama Betri na Mlango wa Buzuruga

Usiku ule Selina alikuwa anasubiri simu iite mara moja na kukatika. Ndivyo walivyopatana na binti yake, Queen: asiseme neno, asiandike ujumbe, abipu tu, na mama atajua kwamba mwanawe ameamua kumwacha mumewe Yeremia na anataka kuja kuchukuliwa. Jioni Queen alikuwa amepiga akanong'ona, "Amerudi, mama. Amelewa," kisha sauti ikapotea. Tangu hapo kimya.

Selina alijilaza juu ya godoro nyuma ya gari lake, mlango wa nyuma umeinuliwa juu kama kipaa cha nyumba, nyayo zake zikitazama ziwa. Mwalo wenyewe, ufuko wa kushushia samaki, uko ng'ambo ya Busisi, na wanawake wa mjini Mwanza hulala pale siku za giza la mwezi wakisubiri mitumbwi ya dagaa irudi. Wengine hulala chini ya turubai, wengine juu ya magunia. Selina alilala ndani ya Noah kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe, na hilo peke yake lingetosha kumfanya achukiwe. Lakini pale mwaloni hawakumchukia kwa sababu ya gari. Walimchukia kwa sababu ya betri.

"Mama Betri!" sauti ilitoka kwenye turubai la jirani. Ilikuwa ya Dorotea, mchuuzi mwenzake, aliyeanika dagaa kando yake miaka nenda rudi, mwanamke mwenye ulimi uliochongoka pande zote. "Simu yangu imezima. Nichomekee humo, hata kidogo."

"Nenda kibanda cha sola."

"Mwenye kibanda amelala."

"Na gari langu limelala."

"Loo! Mtu ana gari lenye taa, analala gizani kama popo. Utazikwa na hiyo betri, mayu."

"Nikizikwa nayo, angalau hutaichomekea simu yako."

Dorotea akasonya sonyo refu lililosikika mpaka kwenye mitumbwi iliyopaki. Mtu mwingine gizani akacheka. Selina akaigeuza simu yake, akaitazama, akaifunika kifuani.

Ubahili huo alikuwa amefundishwa. Msimu uliopita Queen alibipu vivyo hivyo, usiku kama huo. Selina alikuwa amelala mlango wa nyuma ukiwa wazi, na taa ya darini inawaka kwa sababu gari likiona mlango uko wazi haliizimi. Redio ilikuwa inaimba kwaya. Kule mbele simu za nusu ya mwalo zilikuwa zimechomekwa zikinyonya kama ndama, na ya Dorotea ikiwemo. Alipogeuza ufunguo, gari lilijibu tk, tk, tk, likanyamaza. Alimwomba mwenye pikapu ambustie betri, akaambiwa waya hakuna. Aliomba wamsukume, wakacheka kwamba gari la otomatiki halisukumwi. Walisema kweli, ila hakuna aliyewalazimisha kucheka. Alipofika Buzuruga, anakokaa Queen, kwa kupanda na kushuka mabasi, ilikuwa mchana, na Queen alikuwa na mdomo uliovimba na maneno aliyokwisha kufundishwa. "Niliteleza bafuni, mama. Simu ilijipiga yenyewe."

Tangu siku ile Selina hakumwamini mtu wala taa. Fundi umeme wa magari alimwonyesha njia mbili za kuilinda betri. Ya kwanza ni kuchomoa kichwa hasi cha betri kwa spana. Hiyo aliikataa, maana simu ikiita hatakuwa na nafasi ya kupapasa nati gizani. Ya pili ndiyo aliyoishika: akishainua mlango, anachukua bisibisi na kuusukuma ulimi wa kitasa mpaka ulie na kujifunga. Hapo gari linadhani mlango umefungwa, na taa inazima.

"Lakini ukitaka kuufunga mlango," fundi alimkanya, "vuta kwanza mkono wake wa kufungulia, ulimi uachie. Ukisahau ukabamiza, kitasa umekiua."

Redio aliing'oa kabisa. Simu ya mtu hakuichomeka tena, awe nani. Siku moja mwanamke alifiwa pale pale mwaloni, akaja kuomba chaji ili awapigie ndugu zake. Selina alimpa uji, akampa kanga ya kujifunika, akalia naye. Chaji hakumpa. Habari hiyo ilizunguka mwalo kabla uji haujapoa, na jina la Mama Betri likashika.

Alfajiri ilipokaribia, taa za wavuvi zikiwa bado zimetapakaa majini, simu iliita. Mara moja. Ikakatika.

Selina aliruka chini bila viatu. Akaukamata mlango wa nyuma kwa mikono miwili, akaubamiza kwa hasira yote aliyoiweka tangu msimu uliopita. Chuma kiligonga chuma, kipande kikaruka kikaangukia mchangani, na mlango ukarudi juu taratibu kama mtu anayekataa kukaa. Alikuwa amesahau kuvuta mkono.

Akabamiza tena. Ukarudi. Akabamiza tena, sasa akilia.

Dorotea alikwisha kutoka nje ya turubai, mikono kiunoni. "Haya! Umelilinda kama yai, leo umelivunja mwenyewe."

"Nipe kamba."

"Kamba zangu zina magunia. Wewe ulinipa nini?"

"Dorotea, nipe kamba. Queen ananiita."

Dorotea alishusha mikono. Akaitazama barabara ya vumbi inayopanda kutoka ziwani, kisha akamtazama Selina.

"Ni yule mume?"

"Ni yule."

Dorotea akajifunga kanga kiunoni, akapanda nyuma ya gari, akakaa juu ya godoro. Alipitisha kitenge chake kwenye mshikio wa ndani wa mlango, akauvuta chini mpaka ukakaribia kufunga, akakaza miguu.

"Washa."

"Unakwenda wapi wewe? Na dagaa zako?"

"Nimesema washa! Siendi kwa ajili yako, mtu anayemnyima mfiwa chaji. Wangu mimi nilimwambia avumilie."

Mwalo mzima ulijua binti wa Dorotea alizikwa wapi, na akiwa na umri gani. Akageuza ufunguo. Gari likawaka pale pale.

Njia nzima walitukanana. Kila gari liliporuka shimo, mlango ulimponyoka Dorotea ukapanda juu, upepo ukaingia na vumbi lake.

"Punguza mwendo, unataka nimwagike barabarani?"

"Shika mlango!"

"Nishike mlango, nilishike na godoro lako linalonuka? Unalala na samaki kitanda kimoja?"

Walivuka daraja la Busisi jua likianza kuchungulia, maji chini yao yakiwa na rangi ya majivu. "Enzi za kivuko tungekuwa tumekaa foleni hapa," Selina alisema, zaidi kwa nafsi yake.

"Enzi za kivuko wewe ungekuwa unatafuta wa kukusukuma," Dorotea akajibu. Wakapita Kigongo, wakaelekea mjini.

Nyumba ya Yeremia iko Buzuruga, juu kidogo ya stendi, imeegemea mwamba mkubwa kama nyumba nyingi za Mwanza zilivyojibanza mawe. Nyuma hakuna pa kutokea, ni jiwe tupu. Mbele kuna mlango mmoja wa chuma unaotazama uchochoro. Selina alishuka, akagonga kwa kiganja.

"Nani?"

"Mama yake Queen."

Sauti ya Yeremia ikaja, laini, sauti ya mtu anayejua majirani wanasikiliza. "Shikamoo, mama."

Selina hakuitikia. Katika maisha yake hakuwahi kumnyima mtu marahaba, na aliisikia ikimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akaiacha hapo hapo.

"Mwamshe Queen."

"Amelala, mama. Mtoto amemsumbua usiku kucha. Njoo mchana, tutaongea vizuri."

"Amenipigia."

"Labda mtoto alichezea simu. Mama, haya ni mambo ya ndani."

"Kama ni ya ndani yatoe nje tuyaone," Dorotea alidakia kutoka nyuma ya gari. "Au yanaogopa jua?"

Mlango ulibaki umefungwa. Ndani mtoto alilia, na kilio kikazibwa. Selina aliijua sauti ile, sauti ya mdomo mdogo uliofunikwa kwa kiganja. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mlango ulikuwa wa chuma, na wao walikuwa wanawake wawili wenye umri wao.

Akarudi kwenye usukani. Akalirudisha gari rivasi, polepole, mpaka nyuma yake ikatazamana na ule mlango, pakabaki nafasi ndogo tu.

"Achia," alimwambia Dorotea.

"Niachie nini?"

"Mlango. Achia upande."

Mlango wa gari ukapanda juu. Ulimi wa kitasa kilichovunjika ulikuwa bado umejifunga, kwa hiyo taa haikuwaka. Selina akalivuta godoro mpaka nusu yake ikashuka chini na kuziba kizingiti cha nyumba. Akatandika shuka, akaweka mto, akavua kilemba. Akajilaza chali mbele ya mlango wa mkwewe, kweupe.

Dorotea alipoelewa alijipiga kofi moja pajani. "Mama Betri! Wewe ni shetani!"

Kwao mkwe na mama mkwe hawachezeani. Hawali sahani moja, hawapishani mlangoni, na malalo ya mama mkwe ni kitu ambacho mwanamume hakitazami, sembuse kukiruka. Yeremia alikuwa mpigaji na mlevi, lakini hakuna aliyewahi kumwona akivunja mwiko mbele za watu. Macho ya watu ndiyo kitu pekee alichokiogopa.

Komeo lilivutwa kidogo. Mlango ukafunguka upana wa jicho, kisha ukafungwa haraka kama uliochomwa moto.

"Mama!" Sauti sasa haikuwa laini. "Mama, unafanya nini?"

"Nimechoka. Nalala."

"Mama, natakiwa kazini. Naomba usogeze godoro nipite."

"Godoro halina miguu."

Watu wa uchochoroni walianza kusimama. Mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani, Gladness, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliitua ndoo yenyewe chini ili aone vizuri. "Jamani! Mama mkwe kalala mlangoni kwa mkwe! Kumetokea nini?"

"Muulize aliyeko ndani," Dorotea akasema. "Wewe si ndiye jirani? Usiku husikii?"

Gladness akatazama pembeni. "Tunasikia," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mtu anasikia."

Jua lilipanda likayapasha moto mawe ya mlimani. Harufu ya dagaa ilitoka ndani ya gari ikaingia chini ya mlango wa chuma. Waliokuwa wanakwenda stendi walipunguza mwendo, wakaulizana, wakajibiwa, wengine wakasahau mabasi yao. Dorotea alijibu kila swali, na hakupunguza neno.

"Mama," Yeremia alisema tena, safari hii kwa kebehi, "mlango wa gari uko wazi. Betri itakufa hapo hapo, kama msimu ule. Mtaondokaje?"

Kwa hiyo alijua. Alijua kwamba ule usiku Queen aliita na kwa nini mama hakuja, na kumbe lile gari lililokufa lilikuwa kichekesho cha nyumba hii. Selina aliketi juu ya godoro.

"Uliza mwaloni nalala siku ngapi mlango ukiwa wazi," alisema. "Watu wote kule wananichukia kwa ajili ya hii betri, Yeremia. Ilikuwa inakusubiri wewe. Leo nitalala hapa. Kesho nitalala hapa. Maji nitapewa na jirani, dagaa ninazo. Na wewe utakunywa pombe gani humo ndani?"

Mtu akacheka uchochoroni, wengine wakampokea.

Ndani kulisikika kitu kizito kikiburutwa, kisha minong'ono, kisha sauti ya Queen, wazi kabisa, haijazibwa na mtu: "Fungua, Yeremia. Hatasogea huyo. Mimi namjua."

Selina alisimama pembeni ya godoro bila kulikunja. Dorotea akashuka garini, kitenge chake mkononi, akasimama upande wa pili. Hawakutazamana.

Komeo likalia. Mlango wa chuma ukasukumwa mpaka mwisho, ukagonga ukuta. Yeremia alikuwa amesimama gizani amewapa mgongo, paji la uso limegusa ukuta, maana godoro lilikuwa bado limetandikwa. Mlangoni alikuwa Queen, mtoto mgongoni, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Akalitazama godoro, akamtazama mama yake, akalikanyaga akapanda garini.