Protase Aliyeinama Ukweni

Protase wa Kaisho hajawahi kushindwa ubishi, kwa sababu moja tu: hakubali. Mwambie mvua inanyesha, atakuuliza umejuaje, huku maji yakimtiririka kwenye masharubu. Kazi yake ni kukamua ndizi za pombe ya rubisi, na wanaokuja kunywa huja pia kumchokoza, maana pombe ya bure hana, lakini kichekesho cha bure anacho.

Ubishi uliomponza ulikuwa wa mwezi. Alisema mbele ya wateja kwamba mwezi ukichomoza nyuma ya kilima huwa umevimba, na ukipanda hunywea. Mkewe Deodatha akasema mwezi haubadiliki, ni macho yetu yanayodanganyika ukiwa karibu na vilima na miti. Akachukua haragwe, akanyoosha mkono, akafumba jicho moja: haragwe lililouziba mwezi ulipochomoza liliuziba vile vile ulipokuwa juu. Protase akasema haragwe nalo limenywea. Wateja wakaangua kicheko, naye kwa hasira akaropoka: "Ujinga huo umefundishwa na mama yako!"

Asubuhi Deodatha alifunga mzigo, akarudi kwao Kamuli.

Nyumba ikapooza. Protase hakuwa na wa kubishana naye, na mbuzi hawakumjibu. Alimkumbuka mkewe mpaka chakula kikamshinda. Mwezi ulipokaribia kuwa mpevu alijitwika dumu la rubisi, akaenda ukweni kuomba msamaha kama desturi inavyotaka.

Baba mkwe, mzee Rweyemamu, alimpokea uani, akaonja rubisi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Faini sitaki. Sema tu kwamba ulikosea, umchukue mkeo."

Protase akafungua kinywa. "Baba, msamaha naomba. Lakini mwezi..."

"Basi kaoane na mwezi wako!" Deodatha alisema kutoka mlangoni, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Jua lilikuwa limezama, na mwezi ulikuwa unachomoza nyuma ya kilima, mkubwa kama ungo. "Au uupe mgongo, uiname, uuchungulie katikati ya miguu yako. Ukiuona mkubwa hivyo hivyo, nakufuata bila neno."

Protase hakukataa mashindano hata siku moja. Akageuka, akainama, suruali ikambana. Mwezi ukawa umesinyaa, mdogo kama wa siku zote. Na mbele ya mwezi, kichwa chini miguu juu, alikuwa mama mkwe wake Kokubanza, akitoka migombani na mkungu wa ndizi kichwani.

Huko kwao mwanamume humpisha mama mkwe njia ili wasikutane uso kwa uso. Kumgeuzia makalio hakuna hata aliyewahi kukataza, kwa kuwa hakuna aliyedhani yupo wa kufanya hivyo. Protase aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na kuinuka hakuthubutu.

"Shikamoo, mama," alisema kutoka huko chini.

"Marahaba, baba. Unatafuta nini?"

"Mwezi, mama."

"Umeuonaje?"

"Mdogo, mama. Nilikosea."

Rweyemamu alipaliwa na rubisi. Deodatha alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaingia ndani kuchukua mzigo wake.

Walipokuwa njiani kurudi Kaisho mwezi ulikuwa umeshapanda. Protase akautazama, akautazama tena, akashindwa kuvumilia. "Lakini mke wangu, hebu tazama mwenyewe, si umeshanywea..."

"Inama," Deodatha akasema.

Protase akafunga kinywa, akampokea mzigo.