Kura ya Viti

Katika mtaa wetu wa Kampemba tunapiga kura kwa viti. Kila mtu anakuja mkutanoni na kiti cha kwake, na hoja ikishajadiliwa vya kutosha, anakibeba na kukiweka upande anaoutaka. Sanduku la kura hatuna. Kura ya siri ingetushinda, maana kwetu hakuna anayeweza kunyamaza.

Jumapili moja, baada ya misa, tulikutana kuhusu robine mpya, bomba la maji la mtaa mzima. Iwekwe kule juu, karibu na lami, au huku chini kwetu? Mama yangu, pamoja na magoti yake mabovu, alikuwa akipanda kila asubuhi na bidoni, dumu lake la maji, hadi kisimani, ng'ambo ya lami. Nikisema nitamtekea mimi, ananijibu kwamba sijui kuchagua maji masafi.

Watu walibishana wee, jua likawa kali. Kivuli pekee kilikuwa cha ukuta wa kanisa, nao, kwa bahati mbaya yetu, uko upande wa juu. Kimoja kimoja, viti vikahamia huko. Mwenyekiti wetu, fundi cherehani asiye na subira, akageuka, akaona viti vimejaa upande mmoja, akapiga makofi.

“Bon, inaisha! Robine itakuwa kule juu!”

Mama alikuwa amebaki peke yake juani, kitambaa kichwani.

“Président, ile hapana kura, ile ni kivuli! Bantu banakimbia jua, habakuchagula kitu!”

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwenyekiti naye alicheka, kisha akaamuru turudie upya.

Nilirudi juani, nikakaa karibu na mama, roho juu. Majirani wetu wa chini walikuja wakinung'unika, lakini hesabu ilikuwa sawa kwa sawa. Ndipo akainuka mama mmoja anayeuza mikate pale kwenye lami. Robine ya juu ingekuwa mlangoni pake kabisa. Alivuka na kigoda chake, akakiweka kando ya mama yangu.

“Mama, kila asubui ninakuonaka na ile bidoni. Miye miguu yangu iko muzima. Nitashuka.”

Mama yangu alimshika mkono. Mimi nililia mbele ya watu bila aibu. Mwenyekiti akahesabu tena, polepole safari hii. Tulishinda kwa kigoda kile.