Nesi Kaniuliza Mimi, Kajibu Mkongo

Jumanne, mwezi wa tano tangu nitoke Tanga.

Leo nesi kanitoa jasho mbele ya watu.

Nilikuwa juu ya jukwaa la ujenzi hapa Malvern, huku kusini nilikokuja kutafuta kazi, napiga plasta. Mke wangu ni mjamzito, akanipigia yuko kliniki. Kule wanataka mume awepo, basi akampa nesi simu. Mikono yangu ina saruji, nikaweka spika.

"Baba, dalili za hatari kwa mjamzito unazijua?"

Nikasema kutapika.

Mafundi wote wakaacha kazi, wanasikiliza.

Papa Jean, Mkongo ninayefanya naye kazi, akasogea. "Kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso kuvimba. Na damu, mama. Bibi yangu, mama ya watoto, nilikuwa namusindikiza kliniki."

Nesi akauliza, "Kwani mume ni yupi hapo?"

Watu wakacheka. Hayo ya kichwa na macho mke wangu aliniambia Jumapili, nikamjibu alale, ni uchovu tu.

Nikamwambia nesi hivyo hivyo.

"Ndiyo maana nimetaka kuongea na wewe. Presha yake iko juu. Namtuma hospitali kubwa, anasema mpaka wewe useme."

Nikasema aende sasa hivi, hata nguo asirudi kuchukua.

Tangu hapo simu yake haipatikani. Napanda jukwaa, nashuka, napanda tena. Eish.

Nyie mlioacha wake nyumbani, mngejibu nini?

Bosi nimeshamwambia. Natoka na basi la Jumamosi, nikijaliwa wiki ijayo nipo Tanga.