Kinamasi Kisicho na Makinda

Siku yangu ya kwanza kazini nilimuua ndege. Nilimbana kifuani nikihofia atanitoroka, kumbe ndege hupumua kwa kutanua kifua. Mzee Bahati, Mkongo aliyekuwa mvisha pete ndege wa kituo chetu cha utafiti, alimtoa mkononi mwangu akamlaza mezani.

"Huyu alikuwa mtoto," alisema. "Ona pembe za mdomo, bado njano na laini. Andika: kinda, amekufa mkononi."

Niliandika. Nilikuwa mjane wa askari polisi, nina binti mmoja, Akello, na tulikuwa tumepewa miezi michache tuhame nyumba za polisi Nsambya. Nilijua jioni ile nitafukuzwa. Mzee Bahati akaniambia tu, "Kesho fika mapema, mama. Nitakufundisha kushika."

Kituo kilikuwa vyumba viwili vya mabati kando ya kinamasi cha mafunjo, njia ya kwenda Port Bell. Tulinasa ndege wadogo kwa nyavu za uzi mwembamba, tukawavisha pete yenye namba mguuni, tukawapima, tukawaachia. Kazi ngumu ilikuwa kujua umri. Chukueni mfano wa kwera, ndege yule afumaye kiota. Dume huwa njano msimu wa kuzaa tu; ukipita, hurudia rangi ya kahawia kama jike, na kinda naye ni kahawia. Ukiamini rangi umepotea.

Mzee Bahati alinifundisha kutazama mkia. Manyoya ya mkia wa kinda huota yote kwa pamoja, kwa hiyo vistari vyake hafifu hukaa mstari mmoja. Ndege aliyekomaa hubadilisha manyoya kidogo kidogo, vistari havilingani. Kisha kuna fuvu: unalowesha kidole, unagawa manyoya ya kichwa, unatazama chini ya ngozi. Fuvu la kinda ni waridi tupu. La aliyekomaa lina vitone vyeupe. Ilinichukua misimu miwili kuviona bila kubahatisha.

Halafu Mzee Bahati na familia yake walipata nafasi ya wakimbizi kwenda kuishi Kanada, nami nikawa mvisha pete. Mpaka leo sijapata mtu mwingine wa kuzungumza naye mambo ya fuvu la kwera.

Mkuu wa Kituo aliyekuja baadaye alikuwa msomi, mpole, na siku zote ana haraka. Wakati huo nusu ya kinamasi ilikuwa imefukiwa ili yajengwe maghala, na wenye maghala walitaka kufukia zaidi. Kituo kikaombwa kieleze kama ndege bado wanazaa pale; wakiwa wanazaa, ingehesabiwa kwamba kufukia hakujawadhuru, na kazi ingeendelea. Nilinasa wiki tatu mfululizo, nikatazama kila fuvu. Vitone vyeupe, wote.

"Hawa kahawia wote ni nini, Mama Akello?" Mkuu aliuliza.

"Ni majike, Mkuu. Na madume waliovua njano."

"Wamejaa hivi, halafu unasema hawazai?"

"Ni wale wale. Wengi wana pete alizowavisha Mzee Bahati."

Alitazama saa yake. "Nyabo," aliniita kwa heshima, "ripoti inaondoka kesho. Waandike makinda. Nani atakwenda kuwapasua vichwa?"

Niliandika makinda, kwa mwandiko wangu, ukurasa baada ya ukurasa. Akello alikuwa sekondari, tumepanga chumba Kasubi, na kazi nyingine sikuwa nayo.

Malori ya udongo yakaja. Mkuu akahamishwa. Mimi niliendelea kutega nyavu kwenye pembe iliyobaki, miaka mingi, asubuhi nyingine nikirudi na vifuko vya kubebea ndege vikiwa vitupu. Mzee Bahati alikuwa akinipigia simu kila Jumapili.

"Makinda wa mwaka huu wapo?"

"Wapo, Mzee."

"Vizuri sana."

Nilistaafu mwaka jana. Akello ameolewa Gulu, chumba ni changu peke yangu. Wazee wenzangu wakihadithia kazi zao hutaja vyeo na safari. Mimi hukumbuka zaidi kurasa zile. Ninyi mnaoanza kazi hii ya ndege mtapata vifaa tusivyokuwa navyo sisi. Havitawasaidia siku mtakapoambiwa muandike jambo ambalo jicho halikuliona. Siku hiyo mtakuwa peke yenu, kama nilivyokuwa mimi, na mimi nilishindwa.

Mwezi uliopita nilimweleza Mzee Bahati yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Fuvu ulilitazama vizuri?"

"Vizuri."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, Mzee."

Alishukuru kwamba nimemwambia, akaniaga kwa upole. Jumapili iliyofuata hakupiga, wala iliyofuata. Nimempigia mara mbili. Simu inaita mpaka inakatika. Nitajaribu tena Jumapili hii.