Mama Vyeti na Sahihi Moja Iliyobaki

Wengine tunabahatisha tu safari ya mbinguni: tunasali, tunakosa, tunatubu, tunakosa tena. Mama Vyeti hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na karatasi za kuthibitisha.

Duka lake la kutoa nakala lilitazamana na geti la parokia. Chumba kimoja, mashine mbili, meza ya kukatia karatasi, na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Ukutani, mahali ambapo wenye maduka wengine hubandika bei, yeye alitundika vyeti. Semina ya Ndoa Takatifu. Malezi ya Vijana. Mafungo ya Kwaresima, miaka tisa mfululizo. Kozi ya Biblia, ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kilikuwepo hata cha Semina ya Wachumba, aliyohudhuria akiwa na miaka hamsini na sita, wajukuu wanne, na mume aliyebaki nyumbani akijipashia chakula. Vyote alivifunika kwa plastiki mwenyewe, kwa mashine yake, visije vikaliwa na mende. Mteja aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho aliondoka na kitambulisho, nakala, na muhtasari wa Karama za Roho Mtakatifu ambao hakuuomba.

Mumewe, mzee mpole aliyestaafu kazi ya kupanga barua posta, alisali misa ya kwanza, akikaa kiti cha nyuma, kisha akarudi kumwagilia mboga zake. Alipoulizwa kwa nini haonekani semina hata moja, alijibu, "Mke wangu anatusomea wote wawili."

Kati ya vyeti hivyo kimoja kilikuwa na kisa. Kiliandikwa Semina ya Huruma kwa Wagonjwa, siku tatu.

Miaka saba nyuma mama yake mzazi aliugua, akawa amelala kwa mdogo wake Mama Vyeti, muuza mitumba sokoni. Siku ya Ijumaa mdogo mtu alipiga simu.

"Dada, hali ya mama si nzuri. Njoo."

Mama Vyeti alijibu kwa kunong'ona, maana mwezeshaji alikuwa ubaoni. "Nitakuja Jumapili jioni, mdogo wangu. Tuko kwenye mada ya kukaa karibu na mgonjwa, na wanachukua mahudhurio."

Mama hakusubiri mahudhurio. Alifariki Jumamosi saa nne asubuhi.

Siku ya mazishi, mdogo mtu ndiye aliyepewa kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, tangu kuzaliwa hadi kuolewa hadi kuzeeka, mpaka alipofika kwenye siku za mwisho. Hapo akakunja karatasi. "Mama aliniuliza mara tatu dada yako yuko wapi," alisema. "Mara zote tatu nikamwambia dada yuko semina."

Mtu mmoja kule nyuma alicheka. Kilikuwa kicheko cha kuzuia, cha puani, lakini kilisikika. Mama Vyeti hakumsamehe mdogo wake kwa maneno yale, wala hakumsamehe aliyecheka. Kwa kuwa huyo wa pili hakumjua, aliwanunia watu wanne kwa tahadhari.

Miaka saba ikapita. Dada na mdogo wake walisali kanisa moja, mara nyingine safu zilizofuatana, na ilipofika wakati wa kupeana amani Mama Vyeti aligeuka akaitakia amani nguzo. Katika miaka hiyohiyo alihudhuria Semina ya Msamaha mara mbili. Mara ya pili alikuwa msaidizi wa mwezeshaji.

Kisha akaja paroko mpya, padre mwembamba wa viatu vilivyopasuka, mwenye tabia mbaya ya kuuliza maswali na kusubiri majibu. Jumapili moja alitangaza kozi ya mwaka mzima kwa watu wazima.

"Tunadhani mafundisho yanaisha siku ya kipaimara," alisema. "Mtoto akishapakwa mafuta hatumwoni tena mpaka aje kutangaza ndoa. Imani tunajifunza mpaka tunaingia kaburini, ndugu zangu. Na atakayemaliza atapokea cheti kwa mkono wa askofu."

Katika sentensi zote hizo Mama Vyeti alisikia ile ya mwisho. Kabla kwaya haijamaliza wimbo wa kutokea alishaandikishwa, namba moja.

Walianza watu thelathini na wawili, wakabaki kumi na tisa. Kila Jumamosi Mama Vyeti alikaa mbele na kalamu tatu, akijibu maswali kabla hayajafika mwisho. "Ahsante, mama," padre alikuwa akisema. "Sasa tuwasikie na wengine." Yeye alidhani anasifiwa.

Siku ya somo la mwisho paroko aligawa fomu. Mama Vyeti ndiye aliyeitoa nakala dukani kwake, ishirini kamili, bila kuisoma hata mstari. Ajuaye yote hasomi. Aliisoma pale ukumbini pamoja na wenzake. Mtihani haukuwepo. Kulikuwa na maelekezo tu: mtaje mtu mmoja mliyekosana naye na hamsemeshani, mwendee, kisha yeye, si wewe, aandike hapa chini alichokiona na aweke sahihi. Askofu anakuja baada ya wiki nane.

Mama Vyeti akanyoosha mkono. "Padre, na yule ambaye hana ugomvi na mtu?"

Ukumbi mzima ukatazama sakafu. Mwalimu wa kwaya akapatwa na kikohozi.

"Huyo ameshafika," alisema padre. "Cheti atakifanyia nini?"

Jioni ile aliweka fomu mezani mbele ya mumewe. "Weka sahihi hapa."

Mzee akavaa miwani, akaisoma polepole kama anwani yenye mwandiko mbaya. "Lakini mimi na wewe tunasemeshana."

"Tunaweza kununiana mpaka Jumatano, halafu tukapatana."

"Mke wangu, mimi niliyekosana naye ni njaa tu." Akamrudishia karatasi. "Mtu wa kumwendea unamjua. Hata mashine zako zinamjua."

Siku tisa alijitia hamnazo. Siku ya kumi alivaa sare ya chama cha akina mama, akaweka fomu ndani ya bahasha, akaenda sokoni.

Mdogo wake alikuwa ameinama juu ya robota jipya, akitenganisha nguo. "Karibu, mashati haya, blauzi kule," alisema bila kuinua kichwa. Kisha akakiinua.

"Tumsifu Yesu Kristo, mdogo wangu."

"Milele amina. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umepotea njia."

Mama Vyeti akakohoa, akaanza. Aliijua mada kwa moyo. Msamaha una hatua tano, alisema, na hatua ya kwanza ni kulitambua jeraha. Mdogo wake alikunja suruali sita wakati wa hatua ya kwanza peke yake. Ilipofika ya tatu akauliza, "Kwenye hiyo bahasha una nini?"

Alipoisoma fomu alicheka mpaka muuza viatu wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

"Kwa hiyo dada, umekuja kuomba msamaha au sahihi?"

Mama Vyeti akatafuta jibu katika hatua zote tano, hakuliona. "Askofu anakuja tarehe kumi na nane," alisema.

"Haya. Angalau hujadanganya." Mdogo mtu akafuta jasho kwa blauzi ya kuuza. "Lakini mimi sisaini nisichokiona. Mama mdogo yuko kwangu, kiharusi kimemlaza tangu mwaka jana. Mimi huku natoka alfajiri. Njoo Jumanne na Ijumaa, umwogeshe, umlishe, ukae naye. Siku yenu ikikaribia nitaandika nilichokiona."

"Mama mdogo yuko kwako mwaka mzima? Mbona sikuambiwa?"

"Ungeambiwa na nani? Na ile nguzo?"

Jumanne ya kwanza Mama Vyeti alifika na daftari la Semina ya Huruma kwa Wagonjwa. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda ukutani, beseni chini, dirisha moja lililoangalia bomba la uani. Kiharusi kilikuwa kimechukua mkono na mguu wa kulia wa mama mdogo. Ulimi kiliuacha, pengine kwa kuuogopa.

Daftari lilieleza kwa kirefu kwamba mgonjwa ni sura ya Kristo. Halikueleza namna ya kumgeuza. Mama Vyeti alimvuta huku, akamsukuma kule, akamwaga beseni zima juu ya godoro.

"Mwanangu," alisema mama mdogo, maji yakimtiririka sikioni, "hilo daftari lako limeandika kwamba mimi ni samaki?"

Chakula nacho kilipoa kwa sababu ya sala ya kukibariki, iliyotaja wagonjwa wa mabara yote. Mama mdogo aliitikia "Amina" mara tatu njiani bila kufanikiwa kuisimamisha. Mara ya nne akasema, "Mungu ameshasikia. Sasa na wewe nisikie: nina njaa."

Hivyo ndivyo mwenye vyeti ishirini na saba alivyoanza darasa la kwanza. Mwalimu alikuwa bibi kizee asiyejua kusoma. Alifundishwa kuweka mto nyuma ya mgongo kabla ya kumgeuza mtu, kupima joto la maji kwa kiwiko, kulisha kwa upande wenye nguvu. Wiki ya pili mgonjwa alichafua shuka zote kwa pamoja. Mama Vyeti akatoka nje akatapika karibu na bomba, akasukutua, akarudi ndani, akamaliza kazi. Alipomaliza alitazama mlangoni, kama mtu anayetafuta wa kumwonyesha. Hapakuwa na mtu. Hakuna aliyechukua mahudhurio.

Kuanzia hapo alipunguza maneno. Hakuwa amepata wongofu, tusimsingizie, alichoka tu. Lakini aliponyamaza alianza kusikia, na mama mdogo alikuwa na mengi.

"Mama yako hakukulaumu," bibi alisema Ijumaa moja akichanwa nywele. "Nilikuwepo. Alipoambiwa uko semina alicheka, na pumzi yenyewe hana. Akasema, 'Mwacheni. Huyo akifika mbinguni ataomba cheti.'"

Chanuo likasimama. Miaka saba Mama Vyeti alikuwa ameishi na picha ya mama yake akimwita kwa uchungu kitandani, na kila semina mpya aliipanga juu ya picha hiyo kama mtu anayefunika shimo kwa magazeti. Kumbe mama alikuwa anamcheka! Hakujua ashukuru au anune. Alifanya vyote viwili, akachana nywele kwa nguvu mpaka mama mdogo akalalamika.

Siku ile hakuondoka mapema. Alimsubiri mdogo wake hadi aliporudi na mfuko wa nguo zilizobaki.

"Mdogo wangu, ile Ijumaa ningeweza kutoka," alisema. Hakutaja hatua yoyote. "Mlango ulikuwa wazi, na mabasi yalikuwepo. Nilikaa kwa sababu ya karatasi."

Mdogo mtu akautua mfuko taratibu. Akavua kiatu kimoja tu.

"Na mimi nisingesema vile mbele ya watu," alisema.

"Ulisema kweli."

"Kweli nayo ina pa kusemewa, dada."

Hawakukumbatiana. Mdogo mtu alimuuliza kama amekula, akasema hajala, wakala viporo wamesimama.

Tarehe kumi na nane kanisa lilijaa. Askofu alikaa mbele, na paroko, kabla ya kuita majina, akasema angependa kusoma fomu mbili tatu ili watu wajue vyeti hivi vimepatikanaje. Ya pili ilikuwa ya namba moja. Mdogo mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa zilezile anazoandikia bei za mashati:

"Dada amekuja mara kumi. Mara moja hakuja, alikuwa semina. Siku ya kwanza alilowesha mgonjwa na godoro. Siku hizi anamgeuza vizuri kuliko mimi. Tumeombana msamaha lakini hatujamaliza. Cheti mpeni, maana asipopewa hatutapumua."

Safari hii hawakucheka puani. Kanisa zima lilicheka waziwazi, askofu akashika kofia yake isianguke, na mumewe kule kiti cha nyuma akafuta machozi. Mama Vyeti aliona uso unawaka moto. Alitamani kuwanunia, akawahesabu kwa macho, akaona ni kama mia sita, hatawaweza. Akanyanyuka, akaenda mbele shingo juu, akapokea haki yake kwa mikono miwili.

Mtu asidhani alibadilika kupita kiasi. Mwezi huohuo alijiandikisha Semina ya Unyenyekevu, akamwambia kila mteja kwamba safari hii anategemea kuwa wa kwanza. Tena alikwenda kwenye kamati ya parokia, akawahutubia dakika arobaini juu ya matendo ya huruma, mpaka mwenyekiti akatoa kiti cha magurudumu kilichokuwa kimefungiwa stoo, ili tu anyamaze.

Jumanne iliyofuata alikisukuma mwenyewe hadi kwa mdogo wake.

"Cheti umeshapata," mdogo mtu alisema akiwa mlangoni. "Umefuata nini tena?"

"Nimefuata mgonjwa. Sogea."

"Hicho hakipiti mlangoni."

"Kinapita. Nimepima."

"Umepima mlango wa nani? Wangu au wa kanisa?"

Kilipita, lakini kwa kukwaruza fremu pande zote mbili, na kwa ajili ya ule mkwaruzo walianza kulaumiana palepale. Mmoja alisema kingeingizwa kinyumenyume, mwingine akasema kingekunjwa kwanza. Walimbeba mama mdogo wakigombana, wakamkalisha wakigombana, wakamfunga khanga kiunoni asiteleze, bado wakigombana. Bibi hakuwa ameona jua kwa zaidi ya mwaka. Aliwaacha wapumue kidogo, kisha akapiga mkono wa kiti kwa ule mkono wake mzima.

"Gombaneni, wanangu, siwakatazi," alisema. "Lakini gombaneni huku mnasukuma."