Herufi moja iliyopika mgunga wa mama

Saa kumi na mbili asubuhi, hata chai hajanywa, mwanamke wa miaka hamsini na mbili anapita kati ya trei za miche akichoma udongo kwa kidole. Udongo ukimganda kidoleni, anapita. Kidole kikitoka kikavu, anamwagilia.

"Watu wanaua mbegu kwa mapenzi," anasema. "Wanamwaga maji mpaka inakosa pumzi. Mbegu inataka maji, hewa na joto. Mambo ya jua baadaye, ikishatoa majani. Na usiifukie kama unaficha dhahabu, jamani!"

Wateja humwita Mkunga. Kwa miaka kumi na tisa amezalisha nyanya, vitunguu na mipapai katika kitalu hiki nyuma ya karakana ya baiskeli. Mwezi mzuri hutoa miche elfu tatu. Nilipomuuliza ni mbegu gani iliyowahi kumshinda, nilitarajia kicheko. Akaenda kufunga bomba ambalo halikuwa likivuja.

Ilikuwa mbegu ya mgunga. Mti wenyewe ulisimama mlangoni kwa mama yake hadi ulipokatwa kupisha barabara. Mama aliokota mbegu zake, akamtumia bintiye arobaini, kisha akapiga simu: "Zichemshie maji, mwanangu, ndipo uzipande."

Mkunga alikuwa na wateja watatu mbele yake na simu begani. Alisikia "zichemshe".

Mbegu ya mgunga ina ganda gumu. Maji huchemshwa, yakaepuliwa, ndipo mbegu zikatumbukizwa na kulala humo hadi kesho yake, ganda lilainike. Yeye alizitia zote sufuriani zikatokota kama maharage.

"Miti ya porini sikuijua, mimi nilikuwa mtu wa nyanya. Na kuuliza niliona aibu. Mkunga mzima, nimuulize mama?"

Hilo angejisamehe. Ila kila Jumapili mama alipiga simu: "Zimeota?" Jumapili ya tatu akajibu, "Zimeota, mama. Zimeota vizuri." Mama akafurahi mno, akasema mvua zikikatika atakuja kuziona.

Hakuja. Presha ilimchukua kabla mvua hazijakatika.

"Alikufa akinishukuru," anasema Mkunga, akijifuta macho kwa mkono wenye udongo. "Heri angenitukana. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu huyu amehamia kabisa."

Baada ya mazishi, kaka yake alimletea sweta la mama. Mfukoni mlikuwa na mbegu sita. Miaka miwili sasa zimekaa kwenye kopo juu ya kabati, na yeye, anayejua kwamba mbegu nayo huzeeka, hakuthubutu kuzigusa.

"Nikiziua na hizi, nitaokota wapi nyingine?"

Leo kopo limeshuka. Sufuria iko jikoni, maji yanachemka. Anaepua, anaweka mbegu sita ndani ya bakuli, anazimwagia maji yale, anafunika kwa sahani. Anakaa kando yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, kama anayemlinda mgonjwa.

Kesho zilizovimba atazipanda, zisizovimba atazirudia.

"Ukiota hata mmoja, nitaupeleka makaburini," anasema. "Nitamwambia, 'Mama, zimeota.'"

Anainua sahani kidogo, anachungulia, anairudisha.

"Safari hii itakuwa kweli."