Shahidi wa Jikoni

Ofisini walimwita Chunguza, na jina lilimkaa kama shati lililoshonwa kwa vipimo. Alikuwa mwendesha mashtaka kijana katika jiji kubwa. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya hakimu na kusema, kwa niaba ya serikali, kwamba huyu bwana aliyeko kizimbani ametenda hili na lile, halafu kuleta watu wa kuthibitisha. Kazi hiyo inataka mtu asiyeamini upesi, na yeye tangu utotoni hakuwa mwepesi wa kuamini. Akiambiwa chai imekwisha, alifunua birika kwanza. Daktari wa meno alipomwambia haitauma, mtoto alimuuliza, "Wewe umeshang'olewa mangapi?"

Chumba chao cha kazi kilikuwa ghorofa ya juu, upande wa nyuma, dirisha likitazama mabomba ya maji machafu ya jengo la jirani. Mlikuwa na meza mbili zinazotazamana, kabati la chuma lisilofunguka mpaka ulipige teke ubavuni, na feni inayolalamika ikizunguka. Majalada ya kesi yalijaa mpaka sakafuni, mtu akitaka kupita anainua miguu kama kuku kwenye tope. Meza ya pili ilikuwa ya rafiki yake tangu chuoni. Kwa urefu wake walimwita Mrefu, hawakujisumbua kutafuta jina jingine. Mrefu alikuwa mtu wa kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Jumapili alikwenda kula kwa mama yake Chunguza, akiingia kwa kuinamisha kichwa mlangoni, na mama akimwita mwanangu wa pili.

"Wa pili kwa kuzaliwa, wa kwanza kwa kula," Chunguza alisema siku moja.

"Mwache mwenzio ale," mama alijibu. "Anakula kwa raha. Wewe ukila unaukagua wali kama una kesi."

Mama huyo alikuwa msusi. Alisukia barazani kwake, mteja akikaa kwenye kigoda kati ya magoti yake tangu asubuhi mpaka jua lihame ukuta, maana mitindo mingine hula siku nzima. Baba alikwisha kufariki zamani, na mtoto alikuwa huyo mmoja. Alimsomesha kwa vidole vyake, na vidole vyenyewe siku hizi vilikuwa vikikakamaa baridi ikiingia.

Jioni, wateja wakishaondoka, mama alikuwa na kazi ya pili aliyoipenda kuliko ya kwanza. Mwendesha mashtaka hawezi kuandika maswali kwenye karatasi akaridhika. Ni lazima ayatamke, asikie yanavyotoka mdomoni, ajue ni lipi litamkwama mbele ya watu. Wenzake wengine walisema peke yao mbele ya kioo. Chunguza alimkalisha mama yake jikoni, kwenye stuli karibu na jiko, akampa nafasi ya shahidi.

"Leo mimi nani?" mama aliuliza, akijifuta mafuta ya nywele mikononi.

"Leo wewe ni mwanamke uliyekuwa ukibandika karatasi mpya kwenye chupa za dawa zilizopitwa na muda."

"Nina watoto?"

"Wawili."

"Basi nitalia kidogo."

"Usilie, mama. Jibu swali tu."

"Shahidi gani ana watoto wawili, katumwa maovu na tajiri, halafu halii? Hiyo kesi utashindwa."

Kesi hiyo ya dawa ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kushika. Mshtakiwa alikuwa mwenye duka la dawa la jumla, mtu wa suti na tabasamu, na watu walikuwa wameugua kwa dawa zake. Alitetewa na wakili mmoja mzoefu, kichwa chake kinang'aa kama sahani, vijana wa ofisini wakimwita Kipara akiwa mbali. Chunguza na Mrefu walipewa kesi pamoja.

Ikaanza vizuri, kisha ikaanza kunuka. Mwanamke wa kubandika karatasi alipopanda kizimbani, Kipara hakumuuliza habari za chupa hata kidogo. Alimuuliza kwa upole kwa nini alifukuzwa kazi yake ya zamani. Mwanamke akababaika, hakimu akaandika. Jambo hilo la kufukuzwa lilijulikana na watu wawili tu, wenye meza mbili zinazotazamana. Kikao kilichofuata, Kipara alikuja na majibu kabla ya maswali. Chunguza akifungua mdomo, mzee huyo ameshainuka kupinga, kana kwamba wamelala chumba kimoja.

"Huyu mzee mchawi," Mrefu alisema wakirudi ofisini, akicheka.

Chunguza hakucheka. Kicheko kile alikibeba mpaka nyumbani akikigeuza huku na huku. Kesho yake akaanza kumtazama rafiki yake jinsi anavyotazama washtakiwa. Akaona mambo. Mrefu ana tai mpya. Simu yake ikilia, anatoka nayo kwenye korido, anaongea kwa sauti ya chini akiupa mlango mgongo. Akirudi anasema, "Watu wa nyumbani tu," na wala hajaulizwa. Mtu asiyeulizwa akajieleza, kwa Chunguza huyo amekwisha kukiri nusu.

Akafunga kabati kwa ufunguo, akaweka ufunguo mfukoni. Mrefu alipolipiga teke likagoma, akauliza, "Limekuwaje hili?"

"Limetengenezwa."

"Na nani?"

"Na fundi."

"Fundi alikuja lini? Mbona sikumwona?"

"Kwani wewe huwa unamwona kila mtu?"

Mrefu akamtazama, akacheka kidogo, kisha hakucheka tena.

Basi Chunguza akatega mtego. Akatunga shahidi ambaye hayupo duniani: dereva wa gari la mizigo aliyebeba maboksi ya dawa, ambaye eti amekubali kusema kila kitu na ataletwa mwisho. Uongo si fani yake, ulimi ulikuwa ukimteleza, kwa hiyo jioni ile jikoni aliujaribu kidogo ili ukae sawa. Asubuhi akamwambia Mrefu, macho yakiwa kwenye jalada: "Tumepata dereva."

"Dereva gani?"

"Aliyebeba maboksi. Usimwambie mtu."

"Mimi nimwambie nani?" Mrefu akasema, na simu yake ikalia, na akatoka nayo nje.

Wiki iliyofuata, mahakamani, Kipara alisimama akainamisha kichwa kinachong'aa. "Mheshimiwa hakimu, tunasikia kuna dereva anayeletwa na upande wa mashtaka. Tunaomba tupewe maelezo yake mapema."

Chunguza aliacha kuandika. Pembeni yake Mrefu alinong'ona, "Kajuaje?" Chunguza akaona mshangao ule umeigizwa vibaya.

Hakwenda kumuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa ofisi, mama mmoja wa makamo, miwani yake inaning'inia kwa mnyororo kifuani, asiyependa maneno mengi. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho.

"Hukumwambia mtu mwingine?"

"Hakuna mtu," Chunguza alijibu, na aliamini anasema kweli.

Mrefu alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Alirudisha kitambulisho, akachukua kikombe chake cha chai na mwavuli, akasimama mbele ya meza ya rafiki yake. "Ni wewe?" akauliza. Chunguza alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangika. Kikao cha nidhamu kikawekwa, na ikajulikana wazi: akipatikana na hatia, Mrefu anafukuzwa, na hataruhusiwa tena kusimama mahakamani, si kwa serikali wala kwa mtu binafsi. Angekuwa amesoma bure.

Jumapili mama aliuliza, "Mwanangu wa pili yuko wapi?"

"Ana kazi nyingi."

Siku mbili kabla ya kikao, Chunguza alimwaga chai kwenye shati, akarudi nyumbani adhuhuri kubadilisha. Alipitia mlango wa nyuma. Akiwa chumbani anafunga vifungo, akasikia sauti kama ya mwanamume aliye mahakamani, kali, yenye madaha. Akashtuka, maana sauti ilikuwa yake, ila aliyekuwa akiitoa ni mama yake huko barazani.

"'Je, shahidi, uliyaona maboksi kwa macho yako?' Hapo ndipo dereva anatakiwa ajibu. Sasa mimi nikamwambia mwanangu, dereva wa kweli hajibu upesi, kwanza anakuna kichwa. Wewe ungejibuje, binti?"

Sauti changa ikacheka. "Mimi ningesema niliyaona, mama. Na yule wa kubandika karatasi, ameshamaliza kuulizwa?"

"Inamisha kichwa nikupate kisogoni. Yule bado. Yule wanamrudisha."

Chunguza alikaa kitandani, shati halijafungwa. Alimkumbuka mama kwenye stuli, safari ile akiwa si shahidi bali Mrefu: "Dereva gani?" mama alikuwa ameuliza, na yeye akarudia uongo wake mpaka ukanyooka, bila kumwambia mama kwamba ni uongo. Mama alikuwa kila shahidi, na siku moja alikuwa hata hakimu. Kwenye hesabu za Chunguza hakuwahi kuwa mtu wa kuhesabiwa, kama kioo kisivyohesabiwa.

Alingoja mteja aondoke ndipo akatoka.

"Yule ni nani, mama?"

"Binti mzuri sana. Anapenda hadithi zako kuliko redio. Anafanya kazi kwenye ofisi ya wakili mmoja hivi, mwenye upara."

"Na wewe unamwambia mambo ya kesi?"

"Nawaambia wote. Nawauliza wenyewe wangejibuje, ndiyo maana jioni majibu yangu yana chumvi. Unafikiri nayatoa wapi?"

"Mama! Ni siri ya kazi ile!"

Mama akaacha kukusanya vichana. "Siri? Uliniambia lini kwamba ni siri?"

Chunguza akainamia kifungo cha shati kilichobaki.

"Mrefu aliniambia jambo lake," mama akaendelea, sauti ikipanda. "Akasema, mama, hii ni siri, wajomba wa binti ninayemposa bado wanaongea kwenye simu, wakikataa nisiaibike. Nimemwambia nani? Hata wewe sikukwambia. Mtu akisema siri, mimi nameza. Wewe hujawahi kuniambia. Ulinikalisha hapo ukaniambia nilie nisilie!"

Tai, korido, sauti ya chini. Chunguza alishika nguzo ya baraza, na hapo ndipo alipomweleza mama yote, mpaka kikao cha keshokutwa.

Mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, chini, mahali asipokaa kamwe. "Mrefu? Aliyekula kwangu?"

"Kila kitu kilimwelekea yeye, mama."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Na ukiwaambia hao wakubwa zako ukweli, wewe watakufanyaje?"

"Kama wanavyotaka kumfanya yeye. Na wewe wanaweza kukuita."

Mama alivinyoosha vidole vyake, kimoja kimoja. Kisha akamtazama mwanawe usoni. "Sasa hii nayo unataka iwe siri? Nambie waziwazi, maana siku hizi sijui. Ukisema siri, nitameza. Nitakwenda nayo mpaka kaburini."

Chunguza alijua mama anasema kweli: akiambiwa anyamaze, atanyamaza, na duniani hakuna mwingine anayejua. Aliingia ndani. Jioni hawakwenda jikoni. Walikula kila mtu akitazama sahani yake.

Kikao kilifanyika katika chumba chenye meza ndefu na mapazia mazito. Mkuu alikaa katikati, na wakubwa wawili kando yake. Mrefu alikaa peke yake kwenye kiti kilichomzidi ufupi, magoti juu, tai ile mpya shingoni. Chunguza aliapishwa, kisha akaulizwa swali moja baada ya jingine, naye akajibu: kabati, simu, dereva wa kutunga, Kipara kusimama. Majibu yalipangana vizuri. Alisikia mwenyewe jinsi yanavyopangana, na akajua angekuwa hakimu angemfunga Mrefu bila kupumua.

Mkuu akavaa miwani. "Swali la mwisho, ni la kawaida tu. Habari ya dereva, ulimwambia mtu mwingine yeyote?"

Neno hapana lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi, limelowa.

"Nilimwambia mama yangu."

Mmoja wa wakubwa alicheka, akidhani ni mzaha. Mkuu hakucheka.

"Mama yako anahusikaje?"

Akaeleza. Alieleza stuli na jiko, baraza na nywele, na binti mpole wa ofisi ya Kipara, akasema mama hakukosa, hakuwahi kuambiwa anyamaze. Alieleza bila mpango, akirudi nyuma, akisahau, akijisahihisha. Mrefu alikuwa ameinua kichwa akimtazama, na Chunguza hakuweza kuusoma uso ule, yeye aliyejidai anasoma nyuso.

Mkuu alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Akasema Mrefu arudi kazini kesho na achukue kesi ya dawa peke yake. Chunguza akabidhi kitambulisho mapokezi, angoje barua ya kikao chake mwenyewe.

Walitoka pamoja kwenye korido. Lifti ilikuwa mbovu kama kawaida, wakafika penye ngazi. Chunguza alitaka kusema mengi, likatoka swali moja dogo.

"Wajomba wamekubali?"

"Wamekataa," Mrefu akasema. "Walisikia nimesimamishwa kazi."

Chunguza akashika ukingo wa ngazi. Mrefu hakusogea.

"Tangulia," akasema.

"Twende tu pamoja."

"Tangulia, ndugu yangu. Sitaki uwe nyuma yangu."

Chunguza akatangulia. Alishuka taratibu akisikiliza viatu vya mwenzake juu yake. Alipofika kwenye kona ya kwanza akasimama, akasikiliza tena, na viatu havikuwa vikishuka.